Maji Yaendayo na Mvuke: Historia Fupi ya Boya na Hodhi la Samaki

Katika nyumba yoyote yenye hodhi la kioo la kufugia samaki, hutokea kila siku jambo moja ambalo jicho halilioni. Maji hupungua. Hakuna aliyeyamwaga, wala hodhi halina ufa. Ila kila saa chembe za maji huuacha uso wa hodhi zikaingia hewani kuwa mvuke. Siku ya kwanza hatutambui kitu. Siku ya tatu twaona mstari mweupe juu ya kioo, mahali maji yalipokuwa. Zikipita siku kumi za jua na upepo, hodhi limeshuka vidole kadhaa. Wazee walisema bandu bandu huisha gogo, na hewa nayo hubandua maji vivyo hivyo.

Huenda msomaji akauliza: jambo dogo kama hili lina nini hata liandikiwe makala katika jarida la walimu wa Kiswahili? Twajibu kwamba lina mambo mawili. Kwanza, ufundi wa kurudisha maji yaliyopotea, tena bila mkono wa mtu, una historia ya miaka zaidi ya elfu mbili, nayo ilianza katika bara letu la Afrika. Pili, tumewasikia mara nyingi wanafunzi wetu, na hata baadhi ya walimu, wakidai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na salamu tu, kwamba ukitaka kueleza mtambo huna budi kukimbilia Kifaransa au Kiingereza. Badala ya kubishana nao, tumeona heri tuueleze mtambo mmoja tangu mwanzo wake, kisha wao waamue.

Kiondokacho na kibakicho

Kabla ya historia, na tuelewe tatizo lenyewe. Maji yanapogeuka mvuke huondoka peke yake. Chumvi, chokaa na madini mengine yaliyoyeyuka ndani yake hubaki. Kila mwenye birika la kuchemshia chai ameuona ushahidi huo: baada ya miezi michache ndani ya birika hufanyika utando mgumu mweupe. Hiyo ni chokaa iliyoachwa nyuma na mvuke.

Tuchukue mfano wa hodhi lenye lita 100 za maji ya bahari. Maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo, kwa hiyo hodhi zima lina chumvi kadiri ya kilo tatu na nusu. Lita 10 zikienda na mvuke, hubaki lita 90 zenye chumvi ile ile, na kila lita sasa ina gramu 39 hivi. Samaki hakuhama, lakini bahari yake imebadilika.

Hapa ndipo penye kosa la wafugaji wengi wapya. Huona maji ya bahari yamepungua, wakaongeza maji ya bahari. Kwa macho wamefanya sawa, kwa hesabu wamekosa. Kila wanapoongeza lita 10 za maji ya bahari huongeza pia gramu 350 za chumvi, na wakifanya hivyo mara kumi chumvi ya hodhi itakuwa maradufu. Samaki na matumbawe watakuwa wamekufa zamani kabla ya kufika huko. Kilichoondoka ni maji matupu. Basi kinachopasa kurudishwa ni maji matupu.

Kuna jambo la tatu: wakati. Ukirudisha lita 10 kwa mkupuo mmoja baada ya siku kumi, chumvi iliyokuwa ikipanda pole pole hushuka ghafula, na viumbe wengi wa majini huumizwa na mabadiliko ya ghafula kuliko kiasi chenyewe. Iliyo bora ni kurudisha maji kidogo kidogo, kwa kadiri yanavyopotea, mchana na usiku. Lakini ni mtu gani awezaye kukaa mbele ya hodhi mchana na usiku?

Kutoka Iskanderia hadi Baghdad

Swali hilo halikuulizwa kwanza na wafuga samaki. Liliulizwa na watengenezaji wa saa.

Katika karne ya 3 kabla ya Kristo aliishi katika mji wa Iskanderia, nchini Misri, fundi mmoja aliyeitwa Ktesibios. Yasimuliwa kuwa alikuwa mwana wa kinyozi. Maandishi yake yamepotea, na mengi tuyajuayo juu yake tumeyapata kwa Vitruvius, mjenzi Mrumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo. Ktesibios alitengeneza saa ya maji: maji yalitiririka kutoka tundu dogo yakaingia chomboni, na kimo cha maji katika chombo hicho kikaonyesha saa.

Shida ilikuwa moja. Maji yakiwa mengi katika chombo cha juu, husukuma kwa nguvu, na tundu hutoa mengi. Yakipungua, nguvu hupungua, na saa huchelewa. Ili saa iseme kweli, kimo cha maji juu ya tundu sharti kisibadilike. Wapo wataalamu wasemao kwamba Ktesibios alilitatua jambo hili kwa kuyaacha maji ya ziada yafurike nje. Wengine, wakifuata maelezo ya Vitruvius, husema kwamba alitumia kitu chenye kuelea: maji yakipanda, kinachoelea hupanda nayo na kuziba mdomo wa mfereji, yakishuka, nacho hushuka na kuufungua. Wafuasi wa rai hii ya pili humhesabu fundi huyo wa Iskanderia kuwa mtu wa kwanza anayejulikana aliyeunda chombo chenye kujirekebisha chenyewe.

Katika karne hiyo hiyo Philon, aliyetoka Byzantium, alieleza taa ya mafuta isiyohitaji kuongezwa mafuta kila mara. Ndani yake mlikuwa na chombo kilichozibwa kisiingie hewa, isipokuwa kwa mrija mmoja. Mafuta ya utambi yakipungua, mdomo wa mrija huwa wazi, hewa huingia, na mafuta mapya hushuka. Yakipanda huuziba mrija, na mafuta husimama. Kanuni hiyo ndiyo itumikayo hata leo katika chupa iliyopinduliwa juu ya kibakuli cha maji ya kuku. Kitabu cha Philon juu ya mambo ya hewa na maji kimetufikia hasa kwa njia ya tafsiri ya Kiarabu. Heron, naye mtu wa Iskanderia, katika karne ya 1 baada ya Kristo alieleza bakuli la divai lisilopungua: wageni huteka, na boya lililofichwa huruhusu divai nyingine ije mpaka kimo kirudi palepale.

Elimu hii haikufa pamoja na Warumi. Mnamo mwaka 850 hivi, katika mji wa Baghdad, ndugu watatu, Muhammad, Ahmad na al-Hasan, waitwao Banu Musa, yaani wana wa Musa, waliandika Kitab al-Hiyal, kitabu cha vyombo vipatavyo mia moja vya kustaajabisha. Miongoni mwake mna vyombo vinavyojijaza maji vyenyewe yanapopungua. Mwalimu wa Kiswahili na atue kidogo juu ya jina la kitabu hicho. Hiyal ni wingi wa hila. Katika lugha yetu hila imebaki na maana ya ujanja wa kudanganya, lakini kwa ndugu hawa ilikuwa pia werevu wa fundi: akili inayoyafanya maji yatii bila kulazimishwa. Tena, mwaka 1206, al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir, alimaliza kitabu chake kikubwa cha mitambo, na katika saa yake ya maji iliyofanana na ngome alitumia chumba kidogo chenye boya na kizibo ili maji yatoke kwa kadiri moja, saa baada ya saa.

Boya lilipata kazi nyingine katika karne ya 18. Mwaka 1765 Ivan Polzunov, katika mji wa Barnaul huko Siberia, alibuni boya la kulinda kimo cha maji katika chungu cha mashine ya mvuke, maana chungu kikikauka juu ya moto hupasuka na kuua. Polzunov alikufa mwaka 1766, muda mfupi kabla mashine yake haijaanza kufanya kazi. Siku hizi boya limo katika matangi ya maji ya nyumba nyingi za mijini, na atakayefunua tangi la choo cha kuvuta maji ataliona likipanda na kushuka. Watu hulitumia kila siku pasipo kujua kwamba jamaa zake wa kale walipima saa.

Mahodhi ya kioo

Kufuga samaki katika vidimbwi ni jambo la kale sana, lakini hodhi la kioo la kuwatazamia ubavuni ni la karne ya 19. Mwaka 1832, katika kisiwa cha Sisilia, mjini Messina, mwanamke Mfaransa aitwaye Jeanne Villepreux-Power, ambaye hapo kwanza alikuwa mshonaji wa nguo, alitengeneza mahodhi ya kioo ili amchunguze mnyama mmoja wa jamii ya pweza. Watu walibishana kama mnyama huyo hujijengea gamba lake mwenyewe au huliiba kwa mwingine. Kwa kumtazama akiwa hai, bibi huyo alithibitisha kwamba hulijenga mwenyewe.

Huko London, kati ya 1846 na 1849, Anna Thynne, mke wa kasisi, alifuga matumbawe nyumbani, mbali na bahari. Ili maji yapate hewa, mtumishi wake wa kike alisimama karibu na dirisha akiyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine, kila siku, kwa nusu saa au zaidi. Jina la bibi limehifadhiwa vitabuni. La mtumishi halitajwi sana. Nasi twaona ni haki kusema kwamba mashine ya kwanza ya mahodhi ya nyumbani ilikuwa ni mikono ya mtumishi.

Mwaka 1850 Robert Warington, mtaalamu wa kemia, alieleza jinsi samaki, konokono na majani ya majini wanavyoweza kukaa pamoja wakisaidiana katika chombo kimoja. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa kwa watu wote katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake kiitwacho The Aquarium. Jina hilo lilipendwa, likaenea. Katika Kilatini cha kale neno lile lile lilikuwa na maana ya mahali pa kunyweshea ng'ombe.

Mapenzi ya mahodhi yakaingia majumbani, na hapo tatizo la mvuke likawa la kila mtu. Maji ya bahari yalisafirishwa kwa treni hadi miji ya bara, na Gosse mwenyewe alitangaza njia ya kuyatengeneza kwa kuchanganya chumvi. Maji yaliyonunuliwa kwa fedha hayapotezwi ovyo. Wafugaji wakajifunza kutia alama kwenye kioo na kurudisha maji matamu hadi alama ile, wakipima uzito wa maji kwa kipimo cha kioo chenye kuelea. Alama ile ilikuwa boya lisilo na mwili. Boya lenyewe lilikuwa jicho la mwenye nyumba. Akisafiri, hodhi hukosa mlinzi.

Ufundi wa siku hizi

Mtambo wa leo hauna jambo geni kwa Ktesibios isipokuwa umeme. Kando ya hodhi huwekwa ndoo au tangi la maji yaliyosafishwa. Ndani ya hodhi huwekwa boya dogo. Maji yakishuka kiasi cha upana wa ukucha, boya hushuka na kuunganisha umeme. Pampu ndogo huvuta maji kutoka katika tangi. Kimo kikirudi, boya huukata umeme, na pampu hunyamaza. Wengine hutumia boya lenye kizibo tu, lisilohitaji umeme, maji yakiteremka kwa uzito wake. Wengine huweka jicho la mwanga linalotambua kama limo majini au hewani.

Lakini mtumishi asiyesema naye huugua. Konokono hupanda juu ya boya akalizuia. Chumvi huganda juu ya kiungo chake. Utelezi wa kijani hulifunika jicho la mwanga. Boya likikwama chini, pampu haitasimama, na maji matamu yatamiminika mpaka hodhi lifurike na chumvi ishuke. Kwa sababu hiyo wenye busara huweka boya la pili juu ya la kwanza, kama mlinzi wa mlinzi, na huchagua tangi la akiba lisilo kubwa mno, ili hata yote yakimwagika kwa makosa, samaki wasife wala sakafu isizame. Pia huweka mdomo wa mpira wa maji juu ya uso wa hodhi, maana ukizama, pampu ikisimama, maji ya hodhi huweza kurudi nyuma kwa kujivuta yenyewe.

Tena mtambo haufanyi kila kazi. Hurudisha maji, hauondoi uchafu. Palipo na maji ya bomba yenye chokaa nyingi, kila lita irudishwayo huleta chokaa mpya, nayo hubaki. Mfugaji bado ana wajibu wa kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara.

Hodhi letu kubwa

Sisi tukaao katika nchi za Maziwa Makuu tunalo hodhi ambalo hakuna fundi aliyelitengenezea boya. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470. Samaki wake wadogo wa rangi, ambao wengi wao hawapatikani penginepo duniani, wamo leo katika mahodhi ya nyumba za Ulaya na Marekani. Mmoja wa waliowatangaza ni Pierre Brichard, aliyewasafirisha kutoka Burundi tangu miaka ya 1970 na kuandika vitabu juu yao. Mfugaji wa mbali aongezaye maji katika hodhi lake jioni, huenda anamhudumia mzaliwa wa mwambao wetu.

Na ziwa lenyewe hupoteza maji kwa njia ile ile. Mvua na mito huleta, lakini sehemu kubwa sana ya maji yaondokayo huenda na mvuke. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, upande wa Kalemie, nao haukuwa wazi siku zote. Cameron alifika hapo mwaka 1874 akasema ndiyo njia ya maji. Stanley alifika mwaka 1876 akakuta mafunjo na matope yameuziba, naye akatabiri kwamba ziwa litafurika karibuni. Mwaka 1878 kizuizi kilivunjika. Hore alipofika mwaka 1879 aliyaona maji yakienda kwa nguvu. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kadiri ya mita kumi, na Ujiji, uliokuwa ukingoni, ukabaki mbali na maji.

Huo ndio mfano wa hodhi lisilo na boya. Mafunjo yaliziba, ziwa likapanda, yalipovunjika, likashuka. Hata katika wakati wetu, mwaka 2021 na tena mwaka 2024, maji yalipanda yakaingia katika mitaa ya ukingoni ya Bujumbura na katika mji wa Gatumba, na watu wakayahama makazi yao. Mwenye hodhi la kioo akikosea hupoteza samaki wachache. Mizani ya ziwa ikiinama, hupotea nyumba, mashamba na madarasa.

Maneno ya darasani

Tumefika mwisho wa maelezo, na msomaji na ahesabu ni mara ngapi tumekwama kwa kukosa neno. Hodhi tumelipata kutoka Kiarabu, na mizani pia. Boya latoka Kireno, kwa mabaharia. Tangi na pampu zimekuja kwa Kiingereza. Mvuke, kimo, kizibo, mrija na furika vilikuwapo vikitungoja. Lugha yetu nayo ni hodhi: hupoteza maneno pole pole, na hurudishiwa mengine kutoka mito mingi. Kazi ya mwalimu ni kuangalia kimo.

Twapendekeza zoezi moja lisilo na gharama. Mwalimu achukue makopo mawili yaliyo sawa, atie maji na kijiko kimoja cha chumvi katika kila moja, kisha apige mstari mahali maji yalipofika. Yawekwe juani. Kila asubuhi wanafunzi warudishe maji mpaka mstarini: kopo la kwanza kwa maji matupu, la pili kwa maji ya chumvi. Baada ya majuma mawili wayaache yote yakauke, wakwangue kilichobaki na kukipima. Halafu kila mmoja aandike, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini makopo mawili yaliyojazwa kila siku mpaka mstari ule ule hayakubaki sawa.